Daftari la Jumamosi: mazoezi yetu ya baiskeli kabla ya safari ya Lindi

Daftari la michango ninalolishika kama mhazini wa kikundi chetu lina jalada la buluu, na hadi Jumamosi iliyopita lilikuwa limejaa zaidi ya nusu. Kurasa tatu za mwanzo zina majina ya ofisi na wafanyabiashara tuliowapelekea barua mwezi Mei, tukiomba watuchangie katika safari yetu ya baiskeli kutoka Mtwara hadi Lindi, ili tupate baiskeli za magurudumu matatu kwa wanafunzi wenye shida ya miguu. Kurasa zote zinazofuata zina majina ya watu tuliokutana nao barabarani tukiwa mazoezini: mama lishe, wauza madafu, madereva wa bodaboda, walimu wenzangu, wakulima wa korosho, na bibi mmoja wa Mpapura aliyetoa nazi sita kwa sababu hakuwa na fedha siku ile. Nimeamua kuandika habari za mazoezi hayo sasa, zikiwa zimebaki siku chache tu kabla ya safari yenyewe, kwa sababu watu wanaoniuliza namna ya kuanzisha jambo kama hili kwao huuliza habari za siku ya safari peke yake, ilhali mimi nimeona kwa macho yangu kwamba michango yetu imepatikana katika mazoezi.

Chanzo cha yote ni daftari jingine, la mahudhurio. Ninafundisha jiografia katika shule ya sekondari iliyo nje kidogo ya mji wa Mtwara, upande wa barabara ya Lindi, na mwaka jana nilikuwa mwalimu wa darasa la kidato cha kwanza. Katika darasa hilo alikuwamo kijana mmoja ambaye miguu yake haina nguvu tangu utotoni, na ambaye kila asubuhi aliletwa na kaka yake, akiwa amekaa kwenye keria ya baiskeli na kumshika kaka yake kiunoni kwa mikono yote miwili. Muhula wa kwanza hakukosa zaidi ya siku tatu. Muhula wa pili ulipoanza mwezi Julai, alikosa siku 11 katika wiki tatu za mwanzo, nami nikafunga safari kwenda nyumbani kwao kuuliza kulikoni.

Mama yake alinikaribisha ukumbini akanieleza kwamba kaka wa kijana alikuwa kwenye kibarua cha kupulizia salfa katika mikorosho ya watu. Wasomaji wa kusini wanaelewa maana yake. Salfa hupulizwa alfajiri, wakati umande ungali kwenye majani na upepo bado umetulia, ili unga ushike maua na majani machanga na kuyakinga na ugonjwa wa ubwiriunga, na saa hiyo ndiyo saa ya kwenda shule. Familia ilikuwa imelazimika kuchagua kati ya kipato cha msimu na masomo ya mtoto mmoja, nami sikuwa na neno la kuwalaumu.

"Mwalimu," mama yake aliniambia, "mwanangu akili anayo, mikono anayo. Kinachomshinda ni njia tu."

Maneno hayo niliyachukua hadi kwa afisa ustawi wa jamii, ambaye hakushangaa hata kidogo, kwani alikuwa na orodha ya wanafunzi 12 wenye shida ya namna hiyo hiyo katika kata zinazotuzunguka. Nchi yetu ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, inayotamka wazi haki yao ya elimu, lakini haki hiyo humfikia mtoto pale tu anapoweza kufika darasani. Wanafunzi wote 12 wana mikono yenye nguvu, na kila mmoja wao angeweza kujiendesha kwenda shule kwa baiskeli ya magurudumu matatu inayozungushwa kwa mikono. Hapo ndipo wazo la kuchangisha kwa kuendesha baiskeli lilipozaliwa, na lilizaliwa katika mazungumzo ya kawaida na muuguzi mmoja ambaye tulikuwa tukiendesha naye baiskeli jioni maeneo ya Shangani kwa ajili ya afya zetu.

Tulianza tukiwa watu sita mwishoni mwa Mei, na sasa tuko 17. Wamo walimu watatu, muuguzi niliyemtaja, vijana wawili wa bodaboda, fundi wa baiskeli, mwanachuo mmoja, karani wa ghala la korosho na wengine wa kazi mbalimbali. Mtu aliyetufundisha mengi kuliko wote ni mchuuzi wa samaki kutoka Mikindani ambaye sisi humwita Nahodha. Kwa miaka mingi amekuwa akinunua samaki kwa wavuvi alfajiri na kuwapeleka vijiji vya bara kwa baiskeli ya Phoenix isiyo na gia hata moja, tenga likiwa limefungwa nyuma kwa mpira, akishindana na jua kwa sababu samaki haingoji. Siku ya kwanza aliyokuja kwetu, sisi wenye baiskeli za gia na kofia ngumu tulidhani tutamsubiri. Tulipofika mlima unaoinuka kutoka Mikindani kwenda upande wa Lindi, alitupita akiwa amesimama juu ya pedali, akifuata mwendo mmoja usiobadilika, na alipofika juu hakuwa akihema kwa nguvu. Nilimwomba siku hiyo hiyo awe kiongozi wa mazoezi, naye akakubali kwa sharti moja, kwamba akisema tupunguze mwendo, tupunguze wote.

Mazoezi yetu huanzia nje ya uwanja wa Nangwanda Sijaona, saa 12:15 asubuhi, kukiwa kumepambazuka kiasi cha kuona mashimo. Katika miezi ya kipupwe jua huku kwetu huchelewa kuchomoza, na tuliona si busara kuendesha gizani katika barabara inayopita malori. Wiki za kwanza tulikwenda Mikindani na kurudi, mwendo wa kilomita 20 na ushei, na baadaye tukawa tunaongeza umbali kidogo kidogo kila Jumamosi, huku kila wiki ya nne tukipunguza ili miili ipumzike. Muuguzi wetu alisisitiza jambo hilo mno, kwa sababu magoti na kiuno huchelewa kuzoea kuliko pumzi: mtu anaweza kujisikia ana nguvu za kwenda mbali na kumbe misuli na viungo bado havijawa tayari.

Sasa niseme habari za upepo, ambao kwa mwendesha baiskeli wa pwani ya kusini ni jambo kubwa kuliko milima. Lindi iko kaskazini-magharibi mwa Mtwara. Kuanzia mwezi Aprili hadi Septemba pwani yetu hupata kusi, upepo unaotoka upande wa kusini-mashariki, kwa hiyo miezi hiyo anayekwenda Lindi husukumwa mgongoni na anayerudi Mtwara hupigwa usoni. Jua linapopanda, ardhi hupata joto kuliko bahari, na upepo wa baharini huongezeka juu ya kusi yenyewe, ndiyo maana saa 4:00 asubuhi huwa mkali kuliko saa 1:00. Mambo haya nimeyafundisha ubaoni kwa miaka, lakini niliyaelewa vyema Jumamosi ya tatu, tuliposhuka na kupanda kwa furaha hadi mbele ya Mikindani, kila mmoja akijiona amekomaa kwa mazoezi, na tulipogeuza baiskeli kurudi tukakuta njia ile ile imekuwa ndefu maradufu. Mwanachuo wetu alisimama mara mbili njiani siku hiyo. Wawili miongoni mwetu waliingia mjini dakika 40 nyuma ya wengine, na mmoja wao aliniambia kwa sauti ya chini kwamba hatarudi tena.

Nahodha alisikia, akanyamaza. Jumamosi iliyofuata alitupanga. Alisema wachuuzi wanaporudi pwani na matenga matupu hufuatana kwa mstari, mmoja mbele anapigwa na upepo, wengine wanakaa kivulini. Kivuli anachokisema ni kivuli cha upepo, na kipo kweli: anayeendesha karibu nyuma ya mwenzake huweza kupunguziwa kazi kwa robo hivi, na pengine zaidi ya hapo, kutegemea kasi na ukaribu, kwa sababu ukinzani wa hewa ndio unaokula sehemu kubwa ya nguvu za mwendesha baiskeli kwenye njia tambarare. Wa mbele hukaa dakika chache, hujitoa kando kwa kuashiria kwa kiwiko, huacha mstari umpite, kisha hujiunga mwishoni. Aliye dhaifu hukaa zamu fupi au hakai kabisa. Yule aliyesema hatarudi alirudi kwa sababu Nahodha alimfuata nyumbani kwake Chuno kumwita, na siku hiyo aliwekwa nyuma ya mgongo mpana wa karani wa ghala hadi mjini. Hajakosa Jumamosi tangu hapo.

Mstari una adabu zake, na tulijifunza nyingine kwa maumivu. Katikati ya Juni, kijana mmoja wa bodaboda aligusa kwa gurudumu lake la mbele gurudumu la nyuma la mwenzake alipokuwa akitazama pembeni. Aliyeguswa hakuhisi kitu. Aliyegusa alianguka ubavuni, akachubuka kiwiko na paja, na wawili waliokuwa nyuma yake waliponea kwenye mchanga wa pembezoni. Tangu siku hiyo tumeweka kanuni ya kuacha nafasi ya urefu wa baiskeli nusu kwa waliozoea na baiskeli nzima kwa wasiozoea, kutopishanisha magurudumu, yaani gurudumu lako la mbele lisiingie ubavuni mwa la nyuma la mwenzako, kutofunga breki ghafla, na kupaza sauti. "Shimo!" "Mchanga!" "Gari nyuma!" Kila neno hupokewa na kurudishwa nyuma hadi mtu wa mwisho, na ambaye hakulipokeza huambiwa papo hapo. Naona fahari kusema kwamba baada ya ajali hiyo hatujapata nyingine.

Barabara ya pili tunayoitumia ni ya Newala, ambayo ina kipande cha lami cha kilomita 50 hadi Mnivata, hivyo kwenda na kurudi ni kilomita 100 kamili, umbali unaokaribiana na ule wa Mtwara hadi Lindi. Unapita Naliendele, kilipo kituo cha utafiti wa korosho, kisha Nanguruwe, na vijiji vya mikorosho na mihogo vinafuatana kulia na kushoto. Njia hiyo ilitupa somo tofauti. Inaelekea kusini-magharibi, kwa hiyo kusi humpiga mtu ubavuni, kutoka kushoto, na kivuli cha upepo hakiwi tena nyuma ya mwenzako bali nyuma na kuliani kwake. Kwa kuwa nchini mwetu tunaendesha kushoto, kutafuta kivuli hicho kungemaanisha kutawanyika kuelekea katikati ya barabara, mahali panapopita magari. Tulijadiliana sana pale Naliendele, wengine wakitaka tujipange wawili wawili na kumweka mtu wa kutazama nyuma. Nahodha alikataa. Alisema hakuna mchango unaofaa kulipwa kwa mguu wa mtu mwingine, na kwamba kwenye njia ya Mnivata kila mmoja atabeba upepo wake mwenyewe, tukiwa mstari mmoja, ukingoni. Ndivyo tulivyofanya, na ingawa tulichoka mno, naamini alikuwa sahihi.

Kuhusu chakula na maji nitasema machache. Safari ya saa tano au sita haiendeshwi kwa chai kavu. Tunakula viazi vitamu, ndizi au chapati kabla ya kuondoka, na njiani kila mmoja hula kitu kidogo kila baada ya dakika 45 hivi, kabla njaa haijaanza kuuma. Madafu ni mazuri na yanapatikana kila mahali, lakini chumvi yake ni kidogo ukilinganisha na ile inayotoka kwa jasho, kwa hiyo muuguzi wetu alitufundisha kuchanganya lita moja ya maji safi na vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vikiwa vimejaa sawa na ukingo bila kufurika, mchanganyiko ule ule ambao akina mama hufundishwa kumpa mtoto anayeharisha. Kila mtu hubeba chupa mbili. Hilo halina mjadala.

Mwezi Julai mazoezi yalikutana na salfa. Kabla jua halijapanda, mashine za kupulizia zilikuwa zikinguruma ndani ya mashamba, na unga wa manjano ulitanda juu ya mikorosho kama ukungu na kuvuka barabara. Ukiupitia ukiwa unahema kwa nguvu, koo hukauka na macho huchoma. Tulijifunga vitambaa puani na mdomoni, na mara mbili tulishuka tukakokota baiskeli hadi tupite. Nilikuwa nikiwatazama vijana waliobeba mashine hizo migongoni, nyusi na nywele zimekuwa za manjano, wengi wao bila kinga yoyote ya uso, na kila mara nilimwona miongoni mwao kaka wa mwanafunzi wangu, hata pale ambapo hakuwa yeye.

Nirudi kwenye daftari. Barua za mwezi Mei tulizipeleka kwa heshima zote, zikiwa na muhuri wa mtendaji wa kata na nakala ya orodha ya ustawi wa jamii, majina ya watoto yakiwa yamefichwa. Wachache walitoa mara moja, nami nawashukuru. Ofisi moja iliahidi kiasi ambacho kingetosha baiskeli tatu, ikatuita kupiga picha, kisha ikatuzungusha kwa wiki saba hadi tulipoacha kwenda. Sitaitaja, kwa sababu lengo langu si kumwaibisha mtu, lakini muda tulioupoteza kwenye mabenchi yake ulinisikitisha kwa kweli, maana kila Jumatatu niliyokaa pale ilikuwa Jumatatu ambayo kiti cha mtoto fulani darasani kilikuwa kitupu.

Wakati huo huo, bila sisi kupanga, barabara ilikuwa imeanza kutufahamu. Jumamosi za mwanzo watoto walikimbia kandokando yetu wakishangilia, na watu wazima walitazama tu. Kufikia Jumamosi ya tano, mama anayeuza chai na mihogo Mpapura alikuwa akitukadiria saa na kuanza kukaanga kabla hatujafika. Jumamosi ya sita, mzee mmoja aliyekuwa amekaa kwenye benchi lake alituita. Tukamwamkia, "Shikamoo, mzee," naye akaitikia marahaba na kuuliza swali ambalo hakuna ofisi iliyotuuliza.

"Mnapita hapa kila wiki, vijana na watu wazima, mnatoka jasho. Mnafuata nini?"

Tulimweleza. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza tena: "Hizo baiskeli za watoto zitaonekana wapi? Na hesabu ataisoma nani?"

Nilifungua daftari palepale nikamsomea kila jina na kila kiasi, pamoja na matumizi yetu ya kununua viraka na gundi, ambayo tunayalipa wenyewe lakini huyaandika. Watu kama 12 walikuwa wamesogea kusikiliza. Nilipomaliza, mzee alitoa shilingi 1,000, mama wa chai akatoa 500, dereva wa bodaboda aliyekuwa akisubiri abiria akatoa 2,000. Nikaandika mbele yao. Tangu siku hiyo imekuwa desturi: tukifika kituo cha mapumziko, kabla ya chai, daftari husomwa kwa sauti, yaliyoingia wiki iliyopita na yaliyofanyika kwayo. Palipotolewa nazi au kuku tunapiga mnada sisi kwa sisi na kuandika jina la mtoaji, kwa kuwa mchango ni wake. Baadhi ya wachangiaji wameanza kuweka ahadi kwa kila kilomita tutakayomaliza siku ya safari, shilingi 50 wengine, shilingi 100 wengine, na tumekubaliana kuhesabu kilomita 100 ingawa njia ni ndefu kidogo kuliko hapo.

Nimelifikiria sana jambo hili. Naamini watu hawa hawakutoa kwa sababu ya safari ya Lindi, ambayo wengi wao hawataiona. Walitoa kwa sababu walituona Jumamosi ya kwanza, wakatuona ya pili, wakatuona ya mvua, wakatuona tukimsubiri wa mwisho juani, na walipokuja kuuliza walikuta daftari liko wazi. Kama tungeandaa siku moja ya sherehe yenye fulana na spika kubwa, wangetushangilia na kurudi kwenye kazi zao, na wala nisingewalaumu.

Fedha zilipofika za baiskeli mbili, tulimkabidhi fundi wa kuchomelea, na hapa naomba msomaji anivumilie kwa undani, maana ndipo penye faida kwa wanaotaka kufanya kama sisi. Baiskeli ya magurudumu mawili inapopita mchangani, gurudumu la nyuma hufuata alama ya la mbele. Ile ya magurudumu matatu huchimba njia tatu, na kila moja inadai nguvu yake. Fundi alitengeneza ya kwanza kwa tairi nyembamba za inchi 28, na kwenye lami ilikwenda vizuri sana, lakini kwenye mchanga wa vichochoro vya vijijini ilizama na kukwama baada ya hatua kumi. Tukabadilisha tairi, tukaweka za inchi 26 zilizo pana. Bado kulikuwa na kasoro: mikono inazungusha pedali zilizo mbele, mnyororo unaendesha gurudumu la mbele, lakini uzito wa mwendeshaji umekaa nyuma, kwa hiyo gurudumu la mbele lilizunguka bure bila kushika ardhi. Fundi wetu wa baiskeli ndiye aliyeliona, akashauri kiti kisogezwe mbele kwa upana wa kiganja. Kikasogezwa, nayo ikashika. Tuliamua pia kwamba mnyororo, gololi, spoku na pedali viwe vya aina inayouzwa katika kila duka la vipuri vya Phoenix, ili ikiharibika kijijini fundi wa chini ya mwembe aweze kuitengeneza siku hiyo hiyo. Nimewahi kuona viti mwendo vizuri vya kigeni vimewekwa nyuma ya nyumba, vinaota kutu kwa kukosa kifaa kimoja kidogo.

Hadi sasa tunazo fedha za baiskeli saba na nne zimekamilika. Tano zilizobaki zinategemea ahadi za kilomita.

Jumamosi iliyopita yalikuwa mazoezi ya mwisho, na kwa kuwa wiki ya kuelekea safari ndefu mwili hutakiwa kupumzishwa, tulikwenda Mikindani tu. Mwanafunzi wangu, ambaye sasa yuko kidato cha pili, alikuwa akitungoja karibu na ghuba pamoja na kaka yake na fundi, na ile baiskeli ya kwanza, iliyopakwa rangi ya kijani. Alipanda mwenyewe kwa kujiinua kwa mikono, akafunga mkanda, akaanza kuzungusha. Tulijipanga nyuma yake kwa mwendo wake, Nahodha akiwa pembeni. Alikwenda kwenye mchanga, akageuza, akapanda lami, akaenda hadi nyumba za mwisho na kurudi, na aliposimama alikuwa na malalamiko: mpini uko mbali, kiwiko kinanyooka kabisa na bega linauma. Fundi alitoa spana akaurudisha nyuma, akamwambia azungushe tena, akaurudisha tena kidogo, hadi kijana akasema hapo hapo.

Kaka yake alikuwa amesimama na baiskeli yake, keria ikiwa tupu, bado amefunga kwenye usukani kitambaa cha kujikinga na vumbi la salfa. Daftari liliposomwa alinyanyua mkono, akatoa shilingi 2,000 zilizokunjwa mara nne. Nilimwambia yeye hadaiwi. Alisema anajua, niandike. Nikaandika: kaka wa mwanafunzi, shilingi 2,000, kibarua cha salfa.